Kanuni, vyeti na leseni za kazi Zanzibar: masuali yanayoulizwa mara kwa mara

Masuali haya tunaulizwa sisi wasaidizi wa sheria hapa Pemba na wauguzi, mafundi, waongoza watalii, waandishi wa habari na wazazi wenye watoto waliomaliza chuo. Wengi wanakuja wakiwa wameshachoka: wameambiwa walete cheti hiki, kisha kile, kisha ada imepanda. Tumeyajibu kwa lugha ya kawaida. Tunaloshikilia katika majibu yote ni moja: kila sharti la cheti lina karatasi lilikotoka, na ukiweza kuitaja karatasi hiyo, Mwakilishi wako katika Baraza la Wawakilishi anakuwa na kitu cha kushika anaposimama barazani.

Taasisi ya Serikali inapata wapi uwezo wa kunidai cheti au usajili?

Inaupata kwenye sheria iliyopitishwa na Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani, na kutiwa saini na Rais wa Zanzibar. Kwa Katiba yetu ya 1984, chombo cha kutunga sheria kina sehemu mbili, Rais na Baraza la Wawakilishi. Hakuna wizara, wakala wala bodi yenye uwezo wa kuzaliwa nao. Uwezo wote wamekopeshwa.

Sheria hiyo ndiyo tunayoiita sheria mama. Kwa mfano, mambo ya utalii yana Sheria ya Utalii Namba 6 ya 2009, mafunzo ya amali, yaani ya ufundi wa kazi, yana sheria Namba 8 ya 2006, na sisi wenyewe wasaidizi wa sheria tunasajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018. Sheria mama haiandiki kila kitu. Haiwezi kusema fomu iwe na kurasa ngapi au mafunzo yachukue miezi mingapi. Kwa hiyo huwa na kifungu, mara nyingi karibu na mwisho, kinachompa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Hapo ndipo masharti mengi yanayotugusa huzaliwa, na ndipo macho ya wananchi yasipofika.

Sheria, kanuni, sheria ndogo, mwongozo, tangazo la ukutani: vyote vina nguvu sawa?

Havina. Juu kabisa ni Katiba, na sheria yoyote inayopingana nayo ni batili kwa kiasi cha kupingana kwake. Chini yake ni sheria ya Baraza. Chini ya sheria kuna kanuni, zinazotungwa na Waziri au chombo kilichotajwa. Sheria ndogo kwa mazungumzo yetu mara nyingi ni zile za mabaraza ya miji na halmashauri, za masoko, usafi na mengineyo. Mwongozo ni maelekezo ya namna ya kufanya kazi. Unaweza kufafanua sharti lililopo, lakini haupaswi kuzaa sharti jipya lenye ada na adhabu. Tangazo la ukutani ni taarifa tu. Nguvu yake yote inategemea kile kilicho nyuma yake.

Nimekuta sharti jipya limebandikwa ofisini. Nitajuaje kama ni la kisheria?

Tuliwahi kuletewa picha ya tangazo kama hilo, imepigwa kwa simu. Karatasi moja ya A4, imechapwa kwa herufi kubwa, imebandikwa kwa gundi kwenye kioo cha dirisha la kupokelea fomu. Ilisema kuanzia tarehe fulani kila mwombaji alete barua ya mwajiri wake wa zamani. Chini kulikuwa na neno "Uongozi" na mhuri uliokolea upande mmoja tu. Haikutaja sheria, kifungu wala jina la aliyetia saini. Aliyetuletea alikuwa kijana ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu. Kwa karatasi ile, asingeweza kuanza kazi mpaka awe ameshafanya kazi.

Kanuni halali haifanani na karatasi ile. Hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na hupewa namba ya Tangazo la Kisheria na mwaka. Ukiifungua, mwanzo wake husema imetungwa chini ya kifungu gani cha sheria gani, kwa maneno kama "Kwa uwezo niliopewa chini ya kifungu cha...", na mwisho wake kuna jina na saini ya Waziri pamoja na tarehe.

Kwa hiyo ukifika dirishani, uliza kwa adabu na bila kupandisha sauti: "Samahani ndugu, sharti hili liko kwenye kanuni namba ngapi ya mwaka gani?" Ofisa anayejua kazi yake atakujibu, na mara nyingi atakuonesha. Akisema ni utaratibu wa ofisi, mwombe akuandikie hivyo. Tumeona zaidi ya mara moja sharti likiyeyuka pale tu mtu anapoomba liandikwe kwenye barua. Tumeona pia kinyume chake: mwombaji amekuja juu, kumbe kanuni ipo, imetangazwa zamani na inasema vilevile. Ndiyo maana tunakuhimiza uisome kabla ya kugombana.

Kanuni zenyewe nazipata wapi, na mbona nyingi ni za Kiingereza?

Anza na taasisi inayokudai. Ikiwa inakutoza ada kwa kanuni, haiwi busara kukuficha kanuni hiyo. Zaidi ya hapo, Gazeti Rasmi huchapwa na mpiga chapa wa Serikali, na wanasheria wa wizara pamoja na ofisi ya Mwanasheria Mkuu huwa nazo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, na wasaidizi wa sheria walioko wilayani wanaweza kukusaidia kuitafuta na kuisoma.

Suala la lugha linatuuma. Wawakilishi wanajadiliana kwa Kiswahili, wananchi wote wa visiwa hivi wanazungumza Kiswahili, kisha mkunga wa Micheweni anapewa kanuni za Kiingereza za kisheria ambazo hata mwanasheria huzisoma mara mbili. Mtu hawezi kutii asichokielewa. Kila ukipata nafasi ya kutoa maoni kuhusu kanuni za taaluma yako, dai na nakala ya Kiswahili.

Baraza la Wawakilishi linazisimamia vipi taasisi hizi?

Kwa njia kadhaa, na hazina uzito sawa.

Inayojulikana zaidi ni masuali na majibu. Mwakilishi anamuuliza Waziri, Waziri anajibu mbele ya Baraza, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Watu wengi wanaidharau njia hii kwa sababu wanasikia majibu ya "Serikali inalifanyia kazi". Sisi hatuidharau. Suali lililoandikwa vizuri, lenye namba ya kanuni ndani yake, humlazimisha Waziri kuwauliza watendaji wake kabla hajasimama, na baadhi ya mambo hurekebishwa katika siku hizo za kuandaa jibu.

Ya pili ni kamati za kudumu. Hapa ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Kamati huita watendaji, huwauliza kwa kina, hutembelea taasisi Unguja na Pemba, kisha hutoa ripoti. Mkurugenzi anaweza kulikwepa gazeti lakini hawezi kuikwepa kamati kirahisi. Afya na elimu, utalii na biashara, ardhi na mawasiliano, kila sekta ina kamati inayoiangalia.

Ya tatu ni bajeti. Kila mwaka, kwenye mkutano wa bajeti unaoanza mwezi wa Mei, kila wizara inasimama na kueleza imefanya nini na inaomba nini. Taasisi iliyokusanya ada za usajili mwaka mzima huku waombaji wakisubiri vyeti miezi, wakati wa kuulizwa ndio huo.

Ya nne ni hesabu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar anakagua, ripoti yake inafika barazani, na Kamati ya Kuchunguza Hesabu za Serikali inawaita wahusika. Ada ya cheti ni fedha ya umma tangu inapotoka mfukoni mwako, kwa hiyo ada isiyokuwa na kanuni ni jambo la kukaguliwa kama lilivyo jengo lisilokamilika.

Na ya mwisho, nzito kuliko zote lakini ya polepole, ni kurudi kwenye sheria mama na kuirekebisha.

Je, Baraza linaweza kuifuta kanuni iliyotungwa na Waziri?

Mwenye kukopesha uwezo anaweza kuuwekea mipaka au kuuchukua. Baraza linaweza kurekebisha sheria mama ili Waziri asiwe tena na uwezo wa kutunga kanuni ya aina ile, au ili kanuni zote za sekta hiyo ziletwe kwanza barazani. Linaweza pia kupitisha azimio la kuitaka Serikali iondoe jambo fulani. Azimio na sheria si kitu kimoja. Azimio ni shinikizo la kisiasa, na Serikali makini hailiachi likapita hivihivi, lakini kanuni inabaki kitabuni mpaka iondolewe kisheria.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kifungu cha kanuni ndani ya sheria mama yenyewe. Kisome mpaka mwisho. Je, kinataka Waziri ashauriane na bodi ya taaluma kabla ya kutunga? Kinataka kanuni ziwasilishwe mezani, yaani mbele ya Baraza? Ada zimetajwa waziwazi, au Waziri amezitoza bila kupewa ruhusa hiyo? Hoja nyingi zenye nguvu tulizowahi kuziona zilitoka kwenye kifungu hicho kimoja.

Tukitazama majirani, Bunge la Jamhuri ya Muungano lilijiundia Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo, jina ambalo huko linabeba na kanuni, inayozipitia kanuni za mawaziri moja moja. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2013 ina sheria inayotaka kila kanuni ifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu kutangazwa. Isipofikishwa, inapoteza nguvu. Na kanuni ikifika miaka 10 inakufa yenyewe, mpaka itungwe upya. Uingereza nayo, tangu 1946, ina utaratibu ambao aina kubwa ya kanuni zake hukaa mezani siku 40, na katika siku hizo Bunge linaweza kuzipinga.

Sisi tunautamani ule ukomo wa miaka 10 wa Kenya. Zanzibar ina masharti ya kazi yaliyoandikwa wakati ambapo fomu zilijazwa kwa kalamu na kupelekwa kwa mkono, na hakuna anayelazimika kusimama na kueleza kwa nini bado yapo.

Suala langu nimpelekee Mwakilishi au Mbunge?

Hapa wengi hupotea njia. Zanzibar ina majimbo 50, Unguja 32 na Pemba 18, na kila jimbo lina Mwakilishi anayekwenda Chukwani na Mbunge anayekwenda Dodoma. Watu huwasubiri wote wawili wakati wa mkutano wa hadhara na kuwaambia jambo lilelile. Kila mmoja anaweza kukusikiliza, lakini si kila mmoja anaweza kumhoji Waziri anayehusika.

Angalia kama jambo lako ni la Muungano. Orodha ipo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, nayo ina mambo 22. Elimu ya juu imo. Baraza la Mitihani limo. Usafiri wa anga, posta na simu, na mabenki yamo. Kwa hiyo ikiwa kikwazo chako ni matokeo ya kidato cha nne, au kutambuliwa kwa shahada uliyoisomea nje ya nchi, mambo yanayoshughulikiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mtafute Mbunge.

Afya, utalii, ardhi, habari, uwakili katika mahkama za Zanzibar na mafunzo ya amali hayamo katika orodha ile. Usajili wa wauguzi, leseni ya kuongoza watalii na cheti cha fundi bomba ni kazi ya Chukwani, na mtu wako ni Mwakilishi.

Kuna masuala yanayokaa katikati. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar anasoma chini ya mfumo wa elimu ya juu wa Muungano, kisha anasajiliwa kazini na baraza la taaluma la Zanzibar. Ikiwa baraza la taaluma linasema mtaala wake haukutimiza masaa ya mafunzo kwa vitendo, chuo kinasema kimeidhinishwa kufundisha, na mwanafunzi amesimama katikati na bahasha yake, waandikie wote wawili na uwaambie waziwazi kwamba umewaandikia wote. Vinginevyo kila mmoja atakuelekeza kwa mwenzake.

Nimesajiliwa Dar es Salaam na nimefanya kazi miaka mingi. Kwa nini nijisajili tena Zanzibar?

Kwa sababu hiyohiyo. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo mabaraza ya taaluma za afya ya Tanzania Bara yana mamlaka Bara, na Zanzibar ina yake. Muuguzi anayetoka hospitali ya Muhimbili kuja hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja anahamia nchi ileile lakini anaingia kwenye daftari jingine. Mawakili nao ni vivyo hivyo: Bara wana Tanganyika Law Society, huku tuna Chama cha Wanasheria Zanzibar, na mtu hasimami Mahkama Kuu ya Zanzibar kwa sababu tu ameapishwa upande wa pili.

Je, ni haki kulipa mara mbili na kusubiri mara mbili? Kwa maoni yetu, usajili wa pili ni sawa, kwa kuwa daftari la Zanzibar lazima lijue nani anawahudumia watu wa Zanzibar. Kisichokuwa sawa ni kumtaka mtu mwenye usajili hai Bara aanze mwanzo kama mhitimu wa jana. Utaratibu wa kuthibitishiana, baraza moja likiandikia jingine kwamba huyu ni wetu na hana shitaka la nidhamu, unatosha kwa wengi wao. Hilo ni jambo la kuwekwa ndani ya kanuni, lisiachiwe huruma ya ofisa aliyepo zamu.

Cheti, usajili na leseni vina tofauti gani?

Cheti kinasema umesoma au umepimwa. Usajili unasema jina lako limo katika daftari la taaluma. Leseni inasema unaruhusiwa kufanya kazi kwa muda fulani, kwa kawaida mwaka, kisha unahuisha. Muuguzi aliyeacha kuhuisha leseni hajapoteza cheti chake. Leseni ya biashara ni kitu cha nne kabisa, na kuwa nayo hakukufanyi mtaalamu.

Mbona Serikali inatubana na vyeti? Wazee wetu walifanya kazi bila karatasi.

Tunaielewa hasira hii, lakini hatukubaliani nayo yote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea hapa Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Pemba hakuna shehia isiyokuwa na jina la kulitaja katika maombolezo yale. Mtu aliyepoteza ndugu baharini hamuulizi nahodha cheti kwa kumbana. Ni vilevile kwa anayedunga sindano, anayechanganya dawa, anayefunga umeme kwenye nyumba ya watoto.

Kwa hiyo suali letu kwa kila sharti ni hili: linamlinda nani? Sharti la nahodha kujua uwezo wa chombo chake linamlinda abiria. Sharti la mfinyanzi wa vyungu kuwa na cheti cha kidato cha nne halimlindi mtu yeyote, linamfungia tu mlango. Kati ya ncha hizo mbili yamo masharti mengi ya kujadiliwa, na mahali pa kuyajadili ni kwenye kamati ya Baraza, wenye taaluma, wenye taasisi na wanaohudumiwa wakiwa meza moja.

Kazi naijua tangu utoto lakini sikusoma chuo. Nimekwisha?

Hujakwisha. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ndiyo ya kuiendea kwanza, na vituo vyake viko Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji hapa Pemba, pamoja na vipya vilivyofuata. Uliza kuhusu utambuzi wa ujuzi: fundi anapimwa kwa kazi yake mwenyewe, anaoneshwa mapengo yake, kisha anathibitishwa kwa kile anachokiweza. Nenda na ushahidi, yaani picha za kazi zako, barua ya uliyemfanyia kazi, barua ya sheha.

Kanuni yoyote ya kazi ya mikono isiyoacha mlango wa namna hii ni kanuni mbovu, na tunasema hivyo bila kusita. Nusu ya mafundi tunaowategemea wamejifunza kwa mjomba au kwa jirani.

Naongoza watalii. Leseni ni lazima?

Ndiyo, kuongoza watalii kwa malipo kunataka leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na kitambulisho uwe nacho unapokuwa kazini. Tofauti kati ya mwongozaji mwenye leseni na papasi wa Forodhani, yaani anayewafuata wageni njiani bila leseni, mbele ya polisi, ni kitambulisho hicho.

Malalamiko tunayoyapokea kutoka Pemba ni ya umbali zaidi kuliko ya leseni yenyewe. Kijana anayewapeleka wageni msitu wa Ngezi au pwani ya Vumawimbi hafanyi biashara ya Mji Mkongwe. Msimu wake ni mfupi, wageni wake wachache. Mafunzo au usaili ukifanyika Unguja tu, nauli ya boti, chakula na malazi vinamla kabla hajapata mgeni wa kwanza. Hoja ya kupeleka kamatini hapo ni nyepesi kuelezeka: sharti libaki, huduma ije Pemba.

Waandishi wa habari nao wanaingia humu?

Wanaingia, na wao ni mfano wa sheria mama yenyewe kuwa ndilo tatizo. Sheria ya Usajili wa Wakala wa Habari, Magazeti na Vitabu ni Namba 5 ya 1988, imetungwa kabla ya mfumo wa vyama vingi kurudi 1992. Ilifanyiwa marekebisho 1997, mwaka uleule ilipotungwa Sheria ya Tume ya Utangazaji Namba 7. Waandishi wa Zanzibar wamedai sheria mpya kwa miaka mingi, na moja ya hoja zao ni upana wa uwezo aliopewa Waziri. Kanuni ikiwa mbaya unaweza kumwomba Waziri aibadilishe. Uwezo wenyewe ukiwa mpana mno, tiba iko Chukwani.

Ada imepanda. Nani ameidhinisha, na inakwenda wapi?

Dai kuoneshwa jadweli la ada katika kanuni. Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali tu, kupitia benki au simu, na weka risiti. Ukitakiwa kulipa mkononi bila risiti, usilipe, na taarifa yako ipeleke ZAECA, Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Kuhujumu Uchumi Zanzibar.

Ikiwa unatozwa na taasisi tatu kwa shughuli moja ileile, liandikie pia Baraza la Kusimamia Mfumo wa Utoaji wa Leseni.

Nimenyimwa usajili au nimefutiwa leseni. Nifanye nini?

Omba uamuzi kwa maandishi, wenye sababu na tarehe. Bila karatasi hiyo huna pa kuanzia. Kisha soma sheria mama sehemu ya rufaa: nyingi zina siku maalumu za kukata rufaa kwa Waziri, kwa bodi ya rufaa au kwa mahkama. Siku hizo zikipita, kuzirudisha ni kazi. Watu wengi hupoteza haki zao wakiwa wanasubiri mkubwa fulani arudi safari.

Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar kinampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahkama au chombo kingine chochote. Kufutiwa leseni bila kuitwa na kuelezwa tuhuma ni kuvunja haki hiyo. Ikibidi, Mahkama Kuu inaweza kuombwa kuupitia uamuzi wa taasisi kwa sababu imevuka mipaka ya uwezo wake au imekataa kumsikiliza mtu. Hapo tafuta wakili. Msaidizi wa sheria atakuandalia maelezo lakini hawezi kukusimamia mahkamani.

Jambo moja la kuzingatia: Mwakilishi hawezi kuamua rufaa yako. Anaweza kuuliza kwa nini rufaa zinachukua mwaka mzima, kwa wewe na kwa wengine.

Tunataka kuipelekea kamati malalamiko yetu. Tuandikeje?

Andikeni kwa Katibu wa Baraza la Wawakilishi, nakala kwa Mwakilishi wa jimbo, na mtaje kamati mnayoilenga. Ukurasa mmoja, ikizidi sana viwili. Mwanzo semeni nyinyi ni nani na mko wangapi. Kisha tajeni sharti, lipo katika kanuni gani, au kwamba mmeomba kuoneshwa kanuni na hamkuoneshwa, na ambatisheni barua mliyoomba. Kisha elezeni linawaumiza vipi, kwa hesabu halisi. Msiseme "nauli kubwa". Semeni nauli ya kwenda na kurudi kati ya bandari ya Mkoani, Pemba, na ya Malindi, Unguja, usiku mnaolala, siku za kazi zinazopotea, na jumla yake kwa mtu mmoja, kisha iwekeni pembeni ya ada yenyewe ili kamati ione kwamba safari ni ghali kuliko cheti.

Malizieni kwa mnachotaka. Barua nyingi tunazoletewa kuzisoma zinalia vizuri kisha hazisemi zinataka nini. "Tunaomba kanuni ya 7 irekebishwe ili usaili ufanyike pia Chake Chake angalau mara mbili kwa mwaka" ni ombi ambalo mjumbe wa kamati anaweza kulisoma kwa sauti kama lilivyo. Msitukane, msitaje chama, msimtaje ofisa kwa jina ikiwa tatizo ni la utaratibu.

Muda nao ni muhimu. Barua iliyofika kabla ya kamati kuanza kupitia bajeti ya wizara ina maisha marefu kuliko iliyofika siku Waziri anahitimisha hoja yake.

Mswada wa sheria ya taaluma yetu umesomwa mara ya kwanza. Bado tuna nafasi?

Hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, mswada huenda kwenye kamati, na kamati hukaribisha maoni ya wadau kabla ya kusomwa mara ya pili na kupitiwa kifungu kwa kifungu. Nendeni moja kwa moja kwenye vifungu vinne: nani anakaa kwenye bodi, nani anapanga ada, rufaa inakwenda wapi, na kifungu cha kanuni kinampa Waziri uwezo wa upana gani. Mkifanikiwa kuingiza maneno "baada ya kushauriana na wanataaluma" na "zitawasilishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi" katika kifungu hicho cha mwisho, mmewapunguzia wanaokuja nyuma yenu safari nyingi za dirishani.

Niko Pemba. Lazima nivuke?

Kwa mengi, hapana. Wizara zina Afisa Mdhamini, msimamizi wa wizara upande wa Pemba, na barua yako anaweza kuipokea na kuisajili. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa na ibaki kwako. Ukiambiwa faili lako limepelekwa Unguja, omba namba ya kumbukumbu ya barua iliyolipeleka, na namba hiyo ndiyo utakayompa Mwakilishi wako.